Timu Ikishuka, Nani Aondoke? Hesabu ya Biashara United na Wenzake

Timu ya mkoa inapoboronga msimu, jina la kwanza kuwekwa mezani ni la kocha. La pili ni la kipa. Katibu hutajwa mwishoni, na mhasibu hatajwi kabisa kwa kuwa mashabiki wengi hawamjui hata kwa sura. Mpangilio huo wa lawama ndio unaotawala mabanda umiza ya Nyamisangura, kata ya Mji wa Tarime, kama unavyotawala Musoma, Geita au Kariakoo. Kocha anaonekana. Anasimama pembeni ya uwanja kwa dakika 90, kamera ya Azam inamfuata, na akikosea kubadilisha mchezaji kila mtu anaona. Aliyechelewesha nauli ya timu hana kamera inayomfuata.

Kwa maoni yangu mpangilio huo umegeuzwa, hasa kwa klabu za mikoani. Kocha ndiye mtu rahisi kuliko wote kumwondoa, na mara nyingi mchango wake katika anguko ni mdogo kuliko wa watu wanaoketi kumjadili. Kwa msomaji wa Mara mfano wa karibu ni Biashara United, lakini nikiishia hapo nitaonekana ninaitetea timu ya nyumbani, kwa hiyo tutapita pia Ruangwa, Jangwani kwa Yanga, Msimbazi kwa Simba, Tabora na Geita.

Biashara, ambayo zamani ilijulikana kama Polisi Mara, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Mashabiki wake huiita Wanajeshi wa Mpakani, jina ambalo watu wa Tarime wana haki ya kulitabasamia: mpaka uko Sirari, wilayani kwao, ilhali nyumbani kwa timu ni Uwanja wa Karume, Musoma, ng'ambo ya Daraja la Kirumi. Msimu wa 2020/21 timu hiyo ilimaliza ya nne katika ligi ya timu 18, nyuma ya Simba, Yanga na Azam tu. Ilifika pia nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikatolewa na Yanga kwa bao 1-0 mjini Tabora. Kwa klabu isiyo na bilionea, isiyo na kiwanda cha sukari na isiyo na jeshi nyuma yake, hapo ndipo kilele kilipo. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa ya 15 kati ya timu 16, ikashuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza.

Katikati ya kilele na shimo hilo kuna Oktoba 2021. Nafasi ya nne ilikuwa imeipa Biashara tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa FC Dikhil ya Djibouti, kisha ikaikaribisha Al Ahli Tripoli ya Libya jijini Dar es Salaam na kuichapa 2-0. Mechi ya marudiano haikuchezwa. Safari ilikwama, timu haikufika Libya, CAF ikaiondoa mashindanoni. Al Ahli waliopewa nafasi hiyo bila kutoka jasho walikwenda hadi nusu fainali ya mashindano yaleyale, wakaishia kwa Orlando Pirates. Kwa hiyo haikuwa timu ya kubahatisha iliyofungwa mawili Dar es Salaam.

Tafuta kosa la benchi la ufundi katika kisa hicho, hulipati. Wachezaji walishinda, mbinu ilifanya kazi, na kilichobaki kilikuwa ndege, vibali na fedha, yaani mambo ya ofisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, ya klabu na ya wote waliokuwa na wajibu wa kuisaidia. Mchezaji anayenyimwa mechi kubwa kuliko zote za maisha yake kwa sababu ya safari hujifunza jambo kuhusu mwajiri wake, na hilo halifutwi na hotuba ya kocha yeyote chumba cha kubadilishia nguo. Biashara walirudi kwenye ligi, benchi likabadilishwa kabla msimu haujaisha, na timu ikaendelea kuteremka.

Tena ilishuka katika msimu ambao kushuka kulikuwa aibu. Mei 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Oktoba mwaka huohuo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Msimu wa kwanza wa neema hiyo ndio ulioiona Biashara ikitoka mlangoni. Fedha za televisheni zilikuwa nyingi kuliko zilizotangulia, lakini msimu wa timu 16 una safari 15 za ugenini, na kutoka Musoma hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Bado hujaenda Mbeya, bado hujaenda Ruangwa. Klabu ya Dar es Salaam inacheza mechi kadhaa za ugenini bila kuvuka mpaka wa jiji lake. Klabu ya Musoma karibu kila wiki ya pili inatafuta basi, mafuta, hoteli na chakula cha watu wasiopungua ishirini na tano, na anayeyatafuta hayo hana leseni ya ukocha ya CAF wala hahitaji kuwa nayo. Anahitaji bajeti.

Hapo nitakatizwa na shabiki mwenye kumbukumbu nzuri: mbona kocha fulani alikuja timu ikabadilika? Ni kweli hutokea. Kipindi cha Francis Baraza, Mkenya aliyeijenga timu iliyofikia nafasi ya nne kabla ya kwenda Kagera Sugar mwaka 2021, kinakumbukwa kwa heshima, na Mkenya mwenzake Patrick Odhiambo alipokea kikosi kinachojua kinachofanya. Sidai kwamba kocha ni pambo. Ninachodai ni kwamba ubora wake hujitokeza pale tu mambo mengine yanapokuwa yamekaa sawa, na mtu wa kunisaidia kueleza hilo ni Hitimana Thierry.

Mnyarwanda huyo alikuwa kocha wa Biashara katika msimu wa kwanza wa Ligi Kuu, 2018/19. Matokeo yalikuwa mabaya, akaondolewa, Amri Said akachukua timu na ikabaki ligini. Ukisimamia hapo, utasema klabu ilifanya uamuzi sahihi. Lakini fuata nyayo za aliyefukuzwa: msimu uliofuata alikuwa Namungo, timu ya Ruangwa, Lindi, iliyopanda daraja wakati huo. Namungo ikamaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ilikofungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga. Mwaka 2021 Simba wenyewe wakamchukua kwenye benchi lao. Mtu yuleyule, leseni ileile, aliyeonekana hafai Musoma akafaa Ruangwa na Msimbazi. Kilichotofautiana ni mazingira aliyokabidhiwa. Namungo nao hawakuteleza baada ya kilele chao: waliingia Afrika msimu wa 2020/21, wakafika hatua ya makundi, na wakabaki Ligi Kuu. Nafasi ya nne ileile, ratiba ya Afrika ileile, na mwisho tofauti kabisa na wa Biashara.

Watafiti wa Uholanzi, Jan van Ours na Martin van Tuijl, walilichimba swali hili kwa data za misimu 14 ya ligi kuu ya nchi yao na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waliona kwamba timu nyingi huimarika baada ya kumfukuza kocha. Habari njema kwa wenyeviti, mpaka usome ukurasa unaofuata. Walizichukua pia timu zilizopitia mfululizo wa matokeo mabaya ya namna ileile lakini zikawabakiza makocha wao, wakazilinganisha. Nazo ziliimarika kwa kiasi hichohicho. Maelezo yake si ya ajabu. Timu hufukuza kocha ikiwa chini kabisa, na timu iliyo chini kuliko uwezo wake wa kweli hupanda yenyewe, bahati ikiacha kuikalia kichwani. Mwenyekiti anayebadilisha kocha Desemba na kuona ushindi Januari anajipongeza kwa mvua ambayo ingenyesha hata asipotoka nje na mwavuli.

Uholanzi ni mbali, kwa hiyo twende Jangwani. Yanga ilianza msimu wa 2024/25 na Miguel Gamondi, Muargentina aliyekuwa ametoka kuipa ubingwa. Novemba 2024 alifungwa na Azam, kisha na Tabora United 3-1, mechi mbili zikifuatana, akaondolewa. Akaja Sead Ramovic. Februari 2025 Ramovic akaondoka kwenda CR Belouizdad ya Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu katika msimu mmoja, na Yanga ikawa bingwa. Ukiamini kocha ndiye kila kitu, kisa hiki hakielezeki. Ukitazama nani hakubadilika msimu ule, kinaeleweka mara moja: Rais Hersi Said alikuwepo, wadhamini GSM walikuwepo, kikosi kilekile cha nyota kilikuwepo, mishahara ilitoka. Gamondi naye hakukaa mtaani; mwaka uliofuata alikuwa Singida Black Stars.

Simba walipitia njia ndefu zaidi, na inafundisha zaidi. Baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga Novemba 2023, kocha Robertinho alifungashiwa virago. Abdelhak Benchikha akaja na wasifu mzito kutoka Afrika Kaskazini, akaondoka Aprili 2024 kabla ligi haijaisha. Juma Mgunda akamalizia. Simba ikamaliza ya tatu, sawa kwa pointi na Azam lakini nyuma kwa tofauti ya mabao, ikaikosa Ligi ya Mabingwa Afrika. Mpaka hapo ni hadithi ya kawaida: kocha nje, kocha ndani, nafasi ileile au mbaya zaidi. Kilichokuwa tofauti kilitokea Juni 2024. Wajumbe wa bodi wa upande wa mwekezaji walijiuzulu, mwekezaji mwenyewe, Mohamed Dewji, akarudi kwenye kiti cha uenyekiti wa bodi, kikosi kikafumuliwa, na baada ya hapo ndipo akatangazwa kocha mpya, Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Msimu uliofuata Simba hawakuwa mabingwa, ila walimaliza wa pili na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, walikofungwa na RS Berkane. Ofisi ilitangulia, usajili ukafuata, kocha akaja wa tatu. Na kocha mzuri naye ana miguu: Septemba 2025 Fadlu alikwenda Raja Casablanca.

Mtu wa Mara atasema, na kwa haki, kwamba Simba na Yanga si kipimo. Zina mwekezaji, zina wanachama nchi nzima, zinaweza kununua njia ya kutokea kwenye makosa yao. Basi tuiangalie Tabora.

Agosti 2023 Tabora United, iliyokuwa imepanda ikitumia jina la Kitayosce, ilikwenda Chamazi kucheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu. FIFA ilikuwa imeizuia kusajili kwa sababu ya madai ya zamani. Wachezaji walipopungua chini ya saba mechi ikavunjwa ikiwa bado mbichi, Azam wakiongoza 4-0. Kocha mkuu wa siku ile angekuwa hata Guardiola, asingebadilisha chochote. Deni ambalo halikulipwa na ofisi ndilo lililopanga kikosi. Tabora waliteseka msimu mzima, wakaangukia mechi za mchujo za Juni 2024, na mpinzani wao alikuwa, nani mwingine, Biashara United, iliyokuwa inapigania kurudi. Tabora wakabaki, Biashara wakarudi Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu.

Nimesikia maelezo mengi ya kwa nini Biashara walishindwa mlangoni pale, mengi yakihusu mchezaji fulani na nafasi fulani aliyoikosa. Mchujo wa mechi mbili huamuliwa na mambo madogo na sioni haja ya kuutafutia falsafa. Lakini Tabora ni mfano wa kutisha kwa namna nyingine: klabu iliyoanza msimu na watu wanane iliokoka, ikaja kumfunga Yanga 3-1 miezi mitano baadaye. Madeni yalipolipwa na usajili ulipofunguliwa, makocha walipata timu ya kufundisha.

Kila fedha zinapozungumzwa Tarime, macho huelekea Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara. Hoja ni kwamba Geita wana mgodi na wana timu, sisi tuna mgodi na hatuna kitu. Geita Gold, timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita iliyopata udhamini wa mgodi wa GGML, ilipanda na kumaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza, 2021/22, huku George Mpole akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Ni msimu uleule ambao Biashara walishuka, kwa hiyo wivu una sababu. Ila mwaka 2024 Geita Gold nayo ilishuka, pamoja na Mtibwa Sugar. Ilikuwa na dhahabu nyuma yake na ilikuwa imefika Afrika, kama Biashara. Mdhamini hununua muda. Kama ndani ya muda huo hakuna aliyejenga timu ya vijana, aliyeuza mchezaji kwa bei nzuri badala ya kumwacha aondoke bure mkataba ukiisha, wala aliyeweka akiba ya msimu mbaya, siku mkono wa mdhamini ukilegea mnarudi palepale.

Klabu za mikoani zina tatizo lao jingine ambalo halijadiliwi ipasavyo, nalo ni ulezi wa serikali. Mkuu wa mkoa huwa mlezi wa timu. Anaitisha harambee, anapiga simu kwa wafanyabiashara, anatoa ahadi ya fedha kwa kila bao. Mara nyingi anafanya hivyo kwa nia safi na bila yeye timu isingesafiri. Lakini uteuzi wake unatoka Ikulu na hauna kalenda ya mpira. Mwaka 2021 pekee, mwaka wa kilele na wa mwanzo wa anguko la Biashara, Mkoa wa Mara ulibadilishiwa mkuu wa mkoa zaidi ya mara moja. Simlaumu yeyote kati yao. Nalaumu mfumo unaomfanya mtumishi wa umma kuwa ndiye bajeti. Akihamishwa, kitabu chake cha namba za simu huondoka naye, na anayekuja anahitaji miezi kadhaa kujua ni nani mkoani ana basi.

Kwa hiyo katika kikao cha baada ya msimu mbaya, mimi ningeanza na karatasi ya mishahara. Kanuni za FIFA tangu 2018 zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, baada ya kumpa mwajiri notisi ya siku 15, na tangu 2021 makocha nao wana kinga ya namna hiyo. Maana yake klabu yenye tabia ya kulipa "mambo yakikaa vizuri" haina wachezaji, ina wageni. Nahodha anaweza kuondoka kihalali dirisha dogo likifunguliwa, kisha akadai na fidia, na deni hilo ndilo linalokuja kuwa zuio la usajili mwaka unaofuata. Mjumbe wa bodi anayetaka kujua kama msimu ujao utakuwa mbaya hahitaji mchambuzi wa mbinu. Aulize ni miezi mingapi inadaiwa na nani amekwishaandika barua.

Baada ya hapo ndipo aulizwe katibu: nani anapanga safari, kwa fedha ipi, na fedha hizo hujulikana lini? Kama jibu ni kwamba zinatafutwa wiki ya mechi, basi aondoke yeye kabla ya kocha, au apewe fungu na mamlaka ya kulitumia. Viongozi wetu wanakwepa sehemu hii kwa sababu ya wazi. Kumfukuza kocha kunahitaji taarifa ya mistari mitatu yenye maneno "makubaliano ya pande mbili". Kubadilisha uongozi kunahitaji mkutano mkuu, ukaguzi wa hesabu, na mwenyekiti kukubali kuulizwa. Wanaopiga kura ya kumwondoa kocha ndio wangekuwa washtakiwa kwenye kura ya pili.

Kuna mabadiliko makubwa kuliko yote ambayo huja kama ukombozi: kuuza timu. Ihefu ya Mbarali ikawa Singida Black Stars mwaka 2024. Singida Fountain Gate ikahamia Babati na kuitwa Fountain Gate. Watu wa Mbarali wakabaki na picha. Biashara ikizidi kuhangaika, mnunuzi wa namna hiyo anaweza kuja na bahasha, na wajumbe watakaochoka kuchangishana mafuta ya basi watamwona mkombozi. Kukataa kuna gharama yake pia: Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa miaka 23 mpaka 2024, na ng'ambo ya Sirari, Shabana ya Kisii ilisubiri miaka 17 mpaka 2023.

Mimi ningechagua kusubiri kama Pamba. Shabiki wa Nyamisangura ana haki ya kuniuliza kwa nini, maana yeye anaitazama timu kwenye televisheni, na kioo hakimwonyeshi tofauti kubwa kati ya Musoma na Babati. Jibu la swali lake liko mikononi mwa uongozi, halipo kwa kocha. Tarime ina wafanyabiashara wa mpakani, ina wachimbaji, ina vijana wanaocheza mpira kila jioni, na iko umbali wa safari ya basi tu kutoka Karume. Fungueni tawi la wanachama pale, kadi ziuzwe, mechi za maandalizi ya msimu zichezwe wilayani, na wajumbe wa Tarime waingie kwenye mkutano mkuu wakiwa na kura. Watu waliolipa ada husoma mapato na matumizi kabla ya kusoma kikosi, na mnunuzi kutoka mkoa mwingine atalazimika kwanza kupita kwenye kura zao.